Gugu karoti Arusha: utafiti upo, nani atauuza?

ARUSHA

Anayenunua samadi au nyasi kavu za ng'ombe pembezoni mwa jiji hili anaweza kuondoka na mzigo ambao hakuulipia: mbegu za gugu karoti. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zipatazo 25,000, nazo husafiri katika tope la matairi, mchanga wa ujenzi, kwato za mifugo na magunia ya nafaka. Ndiyo kusema biashara yenyewe hulisafirisha gugu hili bila nauli.

Gugu karoti, lenye asili ya Meksiko na nchi jirani, liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Ng'ombe hawalipendi. Wakilila kwa njaa, maziwa na nyama huwa na ladha chungu, na mnunuzi hana haja ya maabara kuitambua. Huwasha ngozi ya mpaliliaji, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Nchini India limepunguza mavuno ya mazao kwa hadi asilimia 40. Likitanda mbugani huziba malisho ya wanyamapori, na Arusha huishi kwa mgeni anayekuja kuwaona wanyama hao.

Utafiti haukosekani. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru chini ya Mlima Meru, Fredrick Ojija na wenzake walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kutumia maji yaliyokamuliwa katika majani ya desmodiamu kudhoofisha gugu hilo. Kazi yao nyingine ilichunguza kupanda mimea inayoshindana nalo. Kwa jicho la kibiashara desmodiamu ina sifa moja nzuri: ni malisho. Mfugaji anaweza kununua mbegu yake kwa ajili ya ng'ombe wake hata kama hana habari na gugu.

Tatizo huanza baada ya shahada kutolewa. Dawa ya mimea haiuzwi dukani mpaka isajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Ngaramtoni. Kutoka Tengeru, upande wa Moshi, hadi Ngaramtoni, upande wa Namanga, ni safari fupi ya daladala. Kwa matokeo ya utafiti ni safari ndefu: majaribio ya shambani, ada, vifungashio. Mwanafunzi amekwisha hitimu, na fungu lake la fedha limekwisha naye.

Taasisi hiyo hiyo ina mfano wa jambo lililovuka. Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, alibuni chujio la maji kwa ajili ya maeneo kama haya, ambako madini ya floraidi huharibu rangi ya meno. Mwaka 2015 alipata tuzo ya wahandisi ya Uingereza kwa Afrika, paundi 25,000, na chujio likaingia mikononi mwa wauza maji wadogo. Lakini maji huuzwa kwa lita. Shamba lisilo na gugu halina kipimo wala risiti, na hapo ndipo utafiti wa uhifadhi hukwama.

Huko Queensland, Australia, ambako gugu hili liliwabana wafugaji wa ng'ombe wa nyama, waliletwa wadudu wa aina 9 na magonjwa 2 ya kutu ya mimea ili kulidhibiti. Arusha wenye maslahi wanajulikana: wanunuzi wa maziwa, kampuni za utalii, halmashauri, wauza mbegu. Chuo kingefanya vyema kumkalisha muuza mbegu mezani kabla mwanafunzi hajaenda shambani, na kutenga fungu dogo la usajili. Hiyo ingegharimu kidogo kuliko semina nyingi.

Wakati huo haujafika, mnunuzi wa nyasi aulize zimekatwa wapi, na lini. Gugu hutoa maua wiki nne hivi baada ya kuota. Likishachanua, mzigo usinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.