Je, Wajua? Gari la Kifahari Likichemka Mama Ngina

• Foleni ya feri ya Likoni mjini Mombasa, jirani na bustani ya Mama Ngina, ni mtihani kwa injini kuukuu. Gari lililosimama halipati upepo, hivyo rejeta hutegemea feni peke yake.

• Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi ya alumini hupinda, na gasketi iliyo kati yake na bloku huachia.

• Range Rover za petroli za V8, kuanzia 1970 hadi 2001, zina bloku ya alumini yenye slivu za chuma ndani. Kuchemka mara kwa mara huweza kulegeza slivu au kupasua bloku nyuma yake. Hapo gasketi mpya haisaidii kitu.

• Visima vingi vya kisiwa cha Mombasa vina maji ya chumvi, na chumvi hula alumini. Tia kulanti, si maji ya kisima.

• Dalili za gasketi iliyoachia ni moshi mweupe usiokwisha, maji kupungua bila kuonekana yanakovuja, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

• Mshale wa joto ukipanda, zima AC, egesha, zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto: maji yaliyobanwa kwa shinikizo hupita nyuzi 100, na yatakurukia usoni.

• Kabla hujanunua gasketi, fundi apime kama hedi imenyooka, kisha aijaribu bloku kwa shinikizo. Ufa ukionekana, umeokoa pesa za gasketi.