Stori za Jaba na Mtungi ya Maji

Jumamosi saa tisa, base ya nduthi hapa Kiandutu, Thika. Kazi imelala, wasee wanatafuna. Mmoja anadai aliwahi beba mheshimiwa na nduthi, akaachiwa thao mbili, chenji haikutakwa. Mwingine anaapa mkeka yake ya mechi 17 iliingia yote. Wa tatu, mpole, anasema tu maji imerudi kwa bomba.

Kuna buda alikuwa amenyamaza. Akatema, akasema: "Wasee, kila kitu imesemwa hapa leo ni stori za jaba."

Kaboi fulani ka shule kakauliza: "Na hiyo yako?"

Base ikanyamaza.

Hiyo swali ni nzee kuliko Thika. Inasemekana Epimenides, msee wa Krete, alisema watu wa Krete ni waongo siku zote. Paulo akabeba hayo maneno kwa barua ya Tito, sura ya 1, mstari wa 12, bila kutaja jina. Mstari wa 13 akaongeza eti huyo msee alisema ukweli. Manze! Karne ya 4 kabla ya Kristo, Eubulides wa Mileto akaikaza: mtu akisema "hii yenye nasema ni uongo", amedanganya ama? Kama ni kweli, basi ni uongo. Kama ni uongo, basi ni kweli.

Alfred Tarski, msee wa Poland, 1933 alikuja na dawa: jenga lugha kama flati. Stori zikae chini, neno "kweli" likae gorofa ya juu, lihukumu za chini pekee, lisijiguse. Iko fiti, lakini keja zetu ni za mabati. Kwa Sheng hakuna ngazi. Stori na hukumu yake hulala room moja.

Mwenye alinibamba ni Saul Kripke, Mmarekani. 1975 alionyesha sentensi inaweza kuwa sawa kabisa, shida iletwe na vile siku imeenda. Sasa rudi base. Ya mheshimiwa ni jaba, ya mkeka ni jaba. Imebaki maji. Kama imerudi, buda amedanganya tu, stori imeisha. Kama haijarudi, sentensi yake imebaki kujihukumu yenyewe, inazunguka bila mahali pa kukanyaga. Hiyo Kripke angeiacha hivyo: si kweli, si uongo.

Kwa hivyo kabla uite mtu muongo mtaani, usibishane na mdomo yake. Enda ucheki bomba.

Sisi hatukuenda, uvivu. Lakini baada ya dakika kama 10 mathe mmoja akapita na mtungi ya lita 20 mgongoni, maji inadondoka njia yote. Macho zote kwa buda. Akavaa helmeti, akapiga nduthi kiki, akaishia.

Alikuwa amedanganya tu.