Nyanya ndogo: tuangalie kwanza namna zinavyochumika

Wakati wa kazi ya mikono wengi wanapenda kupanda zile nyanya ndogo za mviringo, kama yai la ndege. Kuzipanda si shida. Hata zisipopandwa zinaota zenyewe nyuma ya jikoni na kando ya takataka. Shida iko kwa kuchuma. Munajua ginsi inavyokuwa: wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanaingia katika mistari asubuhi, kengele inalia, kitunga hakijafika nusu, na nyanya nyingi ndani yake zimeisha pasuka. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza kama mbegu inazaa sana ao ina utamu, sharti tuulize namna tunda lake linavyotoka kwa mti.

Tufanye hesabu kidogo. Nyanya kubwa za gramu 120, nane tu zinakaribia kilo moja. Nyanya ndogo za gramu 15 zinadaiwa 67. Mkono unakwenda na kurudi mara nane zaidi kwa uzito ule ule! Lakini aina yenye matunda ya gramu 25 inadai 40 tu kwa kilo. Kwa kitunga cha kilo 10, ni matunda 400 pahali pa 670. Wachumaji wakiwa wane, kila mmoja anapunguza zaidi ya matunda 65, na anafika darasani kwa saa yake. Zile ndogo sana kama punje za mahindi tuwaachie ndege na watoto.

Sasa muangalie kile kijiti kinachoshika tunda. Katikati yake kuko kifundo kidogo, kimevimba kama kiungo cha kidole. Pale ndipo mti umetayarisha pahali pa kukatika. Musivute tunda! Mushike kwa vidole, muweke kidole gumba juu ya kifundo, mukunje: linakatika taa, na kofia yake ya kijani inabaki juu yake. Ukivuta tu, mara nyingi kofia inabaki kwa mti, ngozi inararuka, na kwa kile kidonda uozo unaingia. Mbegu nzuri ni ile ambayo kifundo chake kinakatika upesi kwa mkono mmoja.

Kuko pia nyanya zisizo na kifundo. Profesa Charles Rick, wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, aliikuta tabia hiyo katika nyanya za porini za visiwa vya Galápagos. (Mbegu za nyanya zile zilikataa kuota vizuri, mpaka zilipopita tumboni mwa kobe!) Kutoka pale tabia ile iliingizwa katika nyanya za kiwanda zinazovunwa kwa mashini, kwa maana tunda linatoka bila kijiti. Siye hatuna mashini, na mama wa sokoni anapenda kuona kofia mbichi inayoonyesha kwamba tunda ni la leo. Tabia ile haitufai sana.

Kiisha, ngozi. Katika milima yetu ya Kivu, mvua inaporudi Septemba, mti unakunywa maji mengi kwa mara moja. Nyama ya tunda inavimba, ngozi haiwezi kuifuata, inapasuka. Sungold ni tamu kabisa, lakini inapasuka bure. Sweet 100 vilevile, ingawa inazaa vishada virefu. Juliet, iliyopata zawadi huko Marekani mwaka wa 1999, ni ndefu kidogo, ina ngozi ngumu, na tunda lake linakaribia gramu 30. Kwa maoni yetu, Juliet inashinda zile mbili kwa kazi ya shamba, hata kama ulimi unasema hapana. Lakini zote tatu ni mbegu za kuchanganywa: ukipanda mbegu za tunda lake, watoto hawafanani na mama. Kila mara sharti kununua tena. Principe Borghese ya Italia haina shida ile. Inafaa pia kwa kukausha.

Juu ya urefu tuseme kwa ufupi. Aina fupi kama Tiny Tim zinainamisha mgongo, na matunda yanagusa udongo. Zile zinazopanda bila mwisho sharti zifungwe kwa miti, na majani ya chini yaondolewe, ili macho yaone kilicho iva.

Jaribio letu ni rahisi. Mpeni mchumaji mmoja dakika kumi kwa kila mstari, kiisha mupime kilo na muhesabu yaliyopasuka. Mstari utakaoshinda, kama si wa kuchanganywa, tuchague ndani yake mti mmoja wenye afya. Mbegu zake tuziache siku mbili tatu katika maji yake, tuzioshe, tuzianike kwenye kivuli, na tuandike jina na mwaka juu ya bahasha.