Fahamu: Kwale aliyegunduliwa sufuriani

Mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini kwenye misitu ya Udzungwa, Tanzania, walipoona miguu ya ndege ndani ya sufuria. Haikuwa ya kuku.

Mwaka 1994 wanasayansi wakamtangaza rasmi kwale wa Udzungwa, spishi mpya kwao. (Aliyemtega, bila shaka, hakuhitaji kutangaziwa.) Ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu wako Asia, si Afrika.

Kumhesabu si kazi nyepesi. Mchana hupekua majani makavu akitafuta wadudu na mbegu, rangi yake ikimficha kivulini. Usiku hupanda mtini kulala. Sehemu ya makazi yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, lakini mitego bado inamwandama.