Postville: mji mdogo wenye dunia ndani yake

Wanafunzi na wahitimu wenzangu, tukisikia Marekani tunaona mara moja New York na majengo marefu. Leo mimi nataka tuangalie Postville, mji mdogo katika jimbo la Iowa, kati ya mashamba ya mahindi na soya. Sensa ya 2020 ilihesabu pale watu 2,503 tu.

Zamani wakaaji walikuwa zaidi wazungu wenye asili ya Ujerumani na Norway, Walutheri na Wakatoliki. Mwaka 1987 familia moja ya Wayahudi kutoka Brooklyn ilinunua kiwanda cha nyama kilichokuwa kimefungwa, ikakifanya machinjio ya kosher, ni kusema nyama iliyochinjwa kwa sheria ya dini yao. Marabi walikuja na familia zao. Lakini kazi ya machinjio iko ngumu na mshahara ni mdogo. Kwa hiyo wafanyakazi walitoka mbali: kwanza Ulaya Mashariki, kisha Mexico na Guatemala. Kwenye shule moja ndogo watoto walikutana na lugha nyingi.

Tarehe 12 Mei 2008, maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda na kukamata watu 389, wengi wao Waguatemala wasio na vibali. Pigeni hesabu: ni kama mtu mmoja kwa kila sita wa mji mzima! Wengi walifungwa miezi mitano, kisha wakarudishwa kwao. Wake na watoto walikimbilia kanisa Katoliki. Nyumba za kupanga zikabaki tupu, maduka yakakosa wateja, na mwezi wa Novemba kampuni yenyewe ikafilisika.

Mtu wa Likasi ao Kolwezi ataelewa haraka: mahali ambapo kampuni moja ndiyo inalisha wote, ikianguka, hata muuza mkate analia.

Mwaka 2009 mnunuzi kutoka Kanada alichukua kiwanda. Baada ya uvamizi ule Wasomali walikuja kufanya kazi, pia watu wa visiwa vya Palau. Leo Postville ina watu wengi kuliko 2010, wakati walikuwa 2,227.

Basi, tukisoma idadi ya watu wa mji, tusiishie kwenye namba. Tuulize: nani anafanya kazi ngumu pale, na sheria inamlinda namna gani? Postville ilipata jibu siku ile watu wale walipokosekana.