Kisu Chema Hukunjwa Kisivunjike

Katika kila nyumba kisu kipo. Mama hukatia mboga, baba huchinjia mbuzi wa sikukuu, kijana huchongea mpini wa jembe. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kukipima kisu kabla hakijawaumiza? Maana kisu kibaya hakiudhi tu kwa ubutu wake. Siku moja huvunjika mkononi mwa mtu aliyekitegemea, na kipande kikaruka machoni.

Huko Marekani, katika mji wa Atlanta, mwezi wa Juni hufanyika onyesho kubwa la visu liitwalo Blade Show. Hudumu siku tatu, tangu Ijumaa hata Jumapili. Mamia ya mafundi huja na visu vyao, wakavipanga juu ya meza zilizotandikwa vitambaa. Wengine ni mafundi wa kazi hiyo tu, ndiyo riziki yao. Lakini wengi wa watazamaji ni watu kama wewe na mimi: walimu, makarani, wakulima, ambao jioni wakimaliza kazi zao hushika nyundo na tupa kwa kujifurahisha. Na tuseme basi nawe ni mmoja wao, ukaingia mlangoni. Utafanya nini?

Adabu za mezani

Kwanza usishike kitu kabla ya kuomba ruhusa. Kisu kile ni kazi ya majuma mengi. Ukikubaliwa, kishike kwa mpini, wala usipapase bapa kwa vidole, kwa kuwa jasho la mkono huleta kutu katika chuma cha namna ile. Usijaribu makali kwa kunyoa malaika ya mkono wako. Ukimrudishia mwenyewe, mpe mpini, makali yasimwelekee. Na akija mnunuzi, wewe ujitenge kidogo, maana fundi ametoka mbali naye ana watoto wa kulisha.

Halafu tazama kwa makini. Kiinue kisu usawa wa jicho, uangalie mgongo wake tangu mpini mpaka ncha: je, umenyoka? Geuza upande huu na upande ule: je, pande mbili zimechongwa sawasawa? Angalia pale mpini unapokutana na kile kipande cha chuma kinachozuia mkono usiteleze. Ukiona mwanga umepita hapo, au gundi imejazwa ili kuficha pengo, ujue fundi alifanya haraka. Na haraka haraka haina baraka.

Mwisho uliza. Kuuliza si ujinga. Mafundi wengi wa huko hawafichi ufundi wao. Ukimwuliza mmoja jinsi alivyozima chuma chake, aweza kukueleza kwa muda mrefu, hata kukuchorea katika karatasi.

Mtihani usio na huruma

Lakini jambo la kutufundisha zaidi si uzuri wa visu, bali ni mtihani wa wahunzi. Mwaka 1973 mhunzi mmoja wa jimbo la Maryland, jina lake Bill Moran, alionyesha visu vya chuma cha Damasko, yaani chuma kilichofuliwa kwa kuunganisha tabaka nyingi hata kikaonyesha mistari kama mawimbi ya maji. Watu walistaajabu, kwa kuwa ufundi huo ulikuwa karibu kusahauliwa huko. Mwaka 1976 yeye na wenzake walianzisha chama kiitwacho American Bladesmith Society, ili kazi ya kufua visu kwa nyundo isife. Bwana Moran alifariki mwaka 2006, lakini chama chake kipo.

Mwanachama hujifunza kwa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kutahiniwa. Siku ikifika, huenda kwa fundi mkuu akiwa na kisu alichokifua mwenyewe, naye hujaribiwa kwa mambo manne, yote kwa kisu kile kile.

La kwanza: kamba nene ya inchi 1 huning'inizwa, chini haikufungwa, naye aikate kwa pigo moja.

La pili: akate vipande viwili vya mbao ya mbili kwa nne, kwa kutema kama mtu atemavyo kuni. Makali yasikatike wala yasijikunje.

La tatu: baada ya kutema mbao zile, bila kunoa tena, kisu kile kinyoe malaika ya mkono.

La nne ndilo linalowatoa watu jasho. Kisu hubanwa ncha katika jiliwa, kisha hukunjwa mpaka digrii 90, yaani kama pembe ya meza. Ufa mdogo katika makali waweza kusamehewa. Lakini kikivunjika, mtihani umekwisha.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtu amesimama mbele ya mkubwa wake, ameshika bomba alilolichomeka mpinini, anavuta polepole. Hapo maneno hayamsaidii, wala fedha, wala mapambo ya mpini. Alichokitenda motoni peke yake, bila mtu kumwona, sasa kitajulikana. Na hata akifaulu, kisu kile hakifai tena, kwani kimekunjwa. Baadaye hupeleka visu vingine vitano vilivyokamilika mbele ya waamuzi kule Atlanta, nao huvikagua kimoja kimoja. Atakaye kuwa fundi mkuu sharti angoje tena miaka, kisha arudie majaribio hayo kwa kisu cha Damasko chenye tabaka zisizopungua 300.

Siri iko wapi?

Siri ni kwamba chuma kigumu sana huvunjika kama kigae, na chuma laini sana hujikunja wala hakishiki makali. Fundi hutafuta vyote viwili katika kisu kimoja: makali magumu, mgongo mlaini.

Hukipasha moto kisu mpaka sumaku isikishike tena. Hapo joto limefika digrii 770 hivi. Hukizidishia moto kidogo, kisha hukizamisha katika mafuta. Sasa ni kigumu, lakini kikianguka sakafuni chaweza kupasuka. Kwa hiyo hukipasha tena kwa moto wa pole, digrii 200 hivi, mpaka chuma kilichosuguliwa kionyeshe rangi ya majani makavu. Mwisho huupasha mgongo peke yake mpaka uwe buluu, huku makali yamewekwa majini yasipate joto. Ndiyo maana kisu hukunjika kisivunjike.

Na chuma chenyewe? Wengi wa mafundi hao hupenda chuma cha aina ile itengenezwayo springi za magari. Ndicho hicho wahunzi wetu wafualo mapanga na majembe! Katika sehemu 1000 za chuma hicho, kaboni ni 6 tu, nayo yatosha kukipa ugumu. Lakini angalia: springi kuukuu huweza kuwa na nyufa zisizoonekana, kwa hiyo itazame vizuri kabla ya kuifua.

Tena, katika meza za wauza mbao za mipini utakuta vipande vyeusi vinavyong'aa, bei yake kali. Ni mpingo wetu, utokao Tanzania na Msumbiji! Tangu mwaka 2017 biashara ya mpingo kuvuka mipaka huhitaji vibali, kwa kuwa mti huo hukua polepole mno. Basi ukiona vijana wakiukata ovyo kwa kuchoma mkaa, waambie kwamba ng'ambo watu huununua kwa vipande vidogo.

Nasi tufanyeje?

Hatuna haja ya nauli ya Atlanta ili tujifunze. Wewe upendaye kufua visu, fua viwili vya namna moja. Kimoja ukijaribu: kamba, ubao mkavu, kisha jiliwa. Ukikunja, funga kitambaa kinene kuzunguka bapa, vaa miwani ya kazi, na watoto wakae mbali. Kikivunjika, tazama pale palipovunjika: chembe kubwa zing'aazo kama sukari huonyesha kwamba moto ulizidi, chembe laini za kijivu ni dalili njema. Rudia kazi mpaka kisikuaibishe. Hapo ndipo kile cha pili chafaa kuuzwa.

Na wewe ununuaye sokoni, usidanganywe na mpini wa rangi. Mwulize mhunzi: umekizima kwa nini, na umekirudisha motoni mara ngapi? Mhunzi mwema atafurahi kuulizwa. Asiyejua jibu, mwachie kisu chake, maana atakayekishika kesho ni mama wa watoto wako.