Tusihukumu Filamu kwa Nywele za Steringi

Kila inapotangazwa kwamba manga au anime fulani, yaani katuni ya Kijapani ya kitabuni au ya video, itageuzwa kuwa filamu ya waigizaji halisi, mabishano huanza hata kabla filamu yenyewe haijaonekana. Picha ya kwanza ya steringi ikishatoka, mashabiki huiweka kando ya mchoro na kuikagua: nywele zimesimama vilevile? Kovu liko kwenye shavu lilelile? Anayefanana hupewa maksi, asiyefanana hulaaniwa. Kipimo hiki kinapotosha. Filamu iliyotokana na michoro inastahili kuulizwa swali gumu zaidi: ile kazi ambayo mchoro ulimfanyia msomaji, filamu imepata njia gani ya kumfanyia mtazamaji?

Swali hili linahitaji tujue mchoro hufanya kazi gani. Katika manga, msomaji ndiye mwenye saa. Anaweza kukaa juu ya uso mmoja kwa dakika nzima, kisha akapitia kurasa tano za mapigano kwa pumzi moja. Mwendo huonyeshwa kwa mistari, mawazo ya mhusika huandikwa juu ya kichwa chake, na jicho likichorwa kubwa kuliko mdomo hakuna anayeshangaa. Kamera hainyimi mtu vyote hivyo, ila inavitoza gharama. Mwili wa mwigizaji una uzito, na muda umeshikwa na mwongozaji. Ndiyo maana filamu tano za Rurouni Kenshin, zilizotolewa Japani kati ya 2012 na 2021 chini ya mwongozaji Keishi Otomo, zinafaa kuchunguzwa. Kenshin ni muuaji wa zamani aliyeapa kutoua tena, anayebeba upanga wenye makali upande wa nyuma. Katika manga ya Nobuhiro Watsuki, kasi yake ni mistari ya wino tu. Otomo na mpangaji wa mapigano, Kenji Tanigaki, hawakujaribu kuichora upya kwa kompyuta. Waliutumia mwili wa mwigizaji Takeru Satoh, ukikimbia karibu na ardhi, ukigeuka ghafla, ukichoka. Kwa sababu tunauona ukichoka, kiapo cha kutoua kinakuwa mzigo unaobebwa mbele ya macho yetu.

Kinyume chake ni Cowboy Bebop. Anime hiyo ya 1998, iliyoongozwa na Shinichiro Watanabe, iligeuzwa na Netflix kuwa tamthilia mnamo Novemba 2021. Kwa kufanana, ilijitahidi sana: mavazi yalifuatwa, utangulizi ulirudia ule wa anime karibu picha kwa picha, na mtunzi wa muziki alikuwa Yoko Kanno yuleyule. Haikumaliza mwezi kabla ya kufutwa. Kilichokosekana ni ukimya. Anime ilikuwa na vipande vifupi vilivyomwacha mtu peke yake na moshi wa sigara na majuto yake. Tamthilia iliongeza muda, ikaongeza maneno, ikaeleza yale ambayo mtazamaji alikuwa ameachiwa ayakisie. Sare ilikuwepo, lakini kazi ya sare ile haikufanyika.

Na wapo walioacha kufanana wakafaulu. Oldboy ya Park Chan-wook, ya mwaka 2003, ilitokana na manga ya Garon Tsuchiya na Nobuaki Minegishi. Park aliihamishia hadithi Korea Kusini na kubadilisha sababu ya uadui iliyobeba kisa kizima, akaweka nyingine nzito zaidi. Mwaka 2004 filamu hiyo ilipata Tuzo Kuu ya Majaji, Grand Prix, huko Cannes. Swali la msingi lilibaki palepale: mtu aliyefungiwa miaka mingi bila kuambiwa kosa lake, akitoka, anabaki kuwa nani?

Hapa kwetu tunao mfano ulio karibu zaidi, ingawa chanzo chake ni riwaya badala ya katuni. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999 na imesomwa na wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita katika somo la Kiswahili. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Riwaya ni ndefu, ina safari na watu wengi. Filamu ina kama saa moja na nusu, na imeelekeza jicho kwenye penzi la Yasmin na Denge katika Zanzibar ya mwishoni mwa ukoloni. Mwanafunzi aliyekariri matukio kwa ajili ya mtihani anaweza kuyahesabu yaliyoachwa na kulalamika. Afadhali aangalie namna vichochoro vya Mji Mkongwe, kiza na sauti ya taarabu vinavyobeba hofu na tamaa ambazo Shafi alizibeba kwa kurasa. Siti Amina, mwimbaji halisi wa Zanzibar, anapokuwa Mwajuma, rafiki wa Yasmin, wimbo wenyewe unaeleza utu wa mwanamke huyo.

Kuna pingamizi kwamba mtazamaji wa kawaida hana haja na ulinganisho wowote. Aliyeko Mwese, katika nyanda za juu za Katavi, au Mpanda mjini, hukutana na filamu ya kigeni kwenye kibanda cha video au kwenye simu, mara nyingi ikiwa imewekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, na manga yenyewe hajawahi kuiona. Kwake filamu ni filamu. Pingamizi hili lina nguvu, na ningependa wakosoaji wa mijini walizingatie: filamu isiyosimama yenyewe mbele ya mtu asiyejua chanzo imeshindwa mapema. Lakini kibanda chenyewe kinaunga mkono hoja yangu. Msimulizi anapofunika mazungumzo ya awali, kinachobaki cha mwongozaji ni miili, nyuso, mwendo na mpangilio wa picha. Kenshin anaeleweka hata hapo. Filamu iliyotegemea mtazamaji atambue vazi kutoka kitabuni inabaki na kitambaa tu.

Pingamizi zito zaidi linahusu sura na asili ya mwigizaji. Scarlett Johansson alipocheza Ghost in the Shell mwaka 2017, wengi waliuliza kwa nini nafasi ya mhusika wa Kijapani apewe Mmarekani mweupe. Mamoru Oshii, aliyeongoza anime ya 1995, alisema haoni tatizo. Je, kusema kwamba kufanana si kipimo ni kuziruhusu studio zifanye zitakavyo? Hapana. Sura ni muhimu pale inapofanya kazi ndani ya kisa. Yasmin lazima awe msichana mwenye asili ya Kihindi, kwa sababu mipaka ya rangi chini ya Mwingereza ndiyo inayolifanya penzi lake na Denge kuwa hatari. One Piece ya Eiichiro Oda inatokea katika dunia ya kubuni, kwa hiyo Iñaki Godoy, kijana wa Mexico, aliweza kuwa Luffy, mhusika mkuu, katika tamthilia ya 2023 iliyopigwa Cape Town, kwani alichohitaji ni ile furaha isiyojua woga. Ghost in the Shell nayo inahusu mtu aliyeporwa mwili na kumbukumbu zake. Kubadilisha asili yake kunagusa moyo wa kisa, na ridhaa ya Oshii ni ushahidi wa kusikilizwa, haimalizi kesi.

Siku moja huenda mtu akawapeleka kwenye filamu Ndumilakuwili na Pimbi, wahusika wa katuni za jarida la Sani waliochekesha wasomaji wa Tanzania kwa miaka mingi. Bila shaka tutabishana kuhusu pua na kofia zao. Mimi nitataka kujua kwanza kama mwongozaji ameelewa kwa nini kisanduku cha mwisho cha ukurasa kilichekesha: msomaji alikiona kabla mhusika hajajua kilichompata. Kamera italazimika kutafuta pa kusimama ili mtazamaji naye atangulie kujua, na mwigizaji ajifunze kuchelewa kwa nusu sekunde.